Soksi za Mhasibu

Mwezi wa saba mwaka jana niliziona soksi zangu kwenye miguu ya mtu nisiyemjua.

Ilikuwa saa moja asubuhi, Roysambu, katika ile baridi ya Julai ambayo wanaosema Nairobi haina baridi hawajawahi kuamka kukutana nayo. Nilikuwa nampelekea rafiki yangu chaja yake ya laptop. Pale getini soja alikuwa amevua gambuti, amenyoosha miguu karibu na jiko la makaa, anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Mzee wa miaka sitini hivi. Alinisalimia, nikamjibu, kisha macho yangu yakateremka.

Buluu na nyeupe. Miraba midogo, vitanzi vitano kwa vitano, kuanzia karibu na goti hadi kwenye vidole. Na pale juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, mraba mmoja wenye upana wa vitanzi vinne badala ya vitano, kwa sababu usiku ule stima zilipotea na nikaendelea kufuma gizani kwa ujeuri. Hakuna duka duniani linalouza soksi yenye kosa hilo. Nililifanya mimi, kwa mikono hii, na soksi hizo nilimpa rafiki yangu, si mlinzi wa geti lake.

Nilipanda ngazi hadi orofa ya nne nikiwa na hasira ambayo sikuielewa. Insha hii ni jaribio la kuielewa. Swali lenyewe, ukiliuliza kwa sauti, linaonekana la kitoto: nikikupa kitu, kimekuwa chako kweli? Au nimekukodisha tu, nikabaki nikikuangalia kwa dirishani?

*

Kwanza nieleze kuhusu hizo soksi. Ndiyo, zile za miguuni. Nikiwaambia watu Nairobi kwamba natengenezea marafiki soksi, huwa kuna kicheko fulani, na najua kinatoka wapi. Tucheke, kisha tuendelee.

Nilifundishwa na mama. Yeye ni mtoto wa 8-4-4 ya mwanzomwanzo, wakati ule wanafunzi walipokuwa wakifanya sayansikimu na sanaa na ufundi, hata wavulana wakishika sindano na uzi. Sindano zenyewe hazikununuliwa. Walienda kwa fundi wa baiskeli wakaomba spoku zilizokwisha kazi, wakazikata na kuzisugua ncha kwenye saruji hadi zikalainika. Bado anazo tano. Soksi inahitaji hizo tano: nne zinashika kazi kwa duara, ya tano inafuma. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani Kinangop kwa miezi minne, bila kazi wala usingizi, alinitupia spoku hizo na mpira wa uzi, akasema, "Shika kitu mkononi. Kichwa chako kinajila."

Kwa mguu wa mtu mzima naanza na vitanzi 60. Nauchagua 60 kwa sababu unagawanyika kwa karibu kila kitu: mbili, tatu, nne, tano, sita, kumi, kumi na mbili. Kwa hiyo karibu nakshi yoyote unayoifikiria itatoshea duara bila kubaki na mkia. Ukifuma rangi mbili, unabeba nyuzi mbili kwa pamoja. Moja inafanya kazi mbele huku nyingine ikipita nyuma ikisubiri zamu yake. Ukiuvuta sana ule unaosubiri, soksi inakazana na haitapita kisiginoni. Ukiulegeza sana, vidole vya mtu vitanasa ndani. Ufundi wote wa soksi za nakshi uko pale nyuma, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Halafu kisigino. Siwezi kukieleza kisigino kwa maneno. Unafuma nusu ya duara mbele na nyuma hadi upate kipande bapa, unakikunja kwa kupunguza vitanzi, kisha unaokota vingine pembeni, na ghafla bomba lililokuwa linaenda chini linageuka na kuelekea mbele. Nimeshafanya visigino kumi na vinne na bado kila mara nahisi kama kuna mtu mwingine aliyekifanya nilipokuwa nimefumba macho.

Na jambo moja zaidi, ambalo litakuwa na maana baadaye: huwezi kumfumia soksi mtu usiyemjua mguu. Lazima uupime, au uukisie kwa kuutazama sana. Kule London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna pea ya soksi nyekundu za sufu zilizochimbuliwa Misri, mahali paitwapo Oxyrhynchus, za kati ya karne ya 3 na ya 5. Zilifumwa kwa sindano moja na zimepasuliwa mbele, kidole gumba peke yake, ili zivaliwe na ndapala. Nimeziona kwenye picha tu. Lakini kitu cha kwanza nilichokifikiria ni kwamba kulikuwa na mguu, na kulikuwa na mtu aliyeujua ule mguu.

*

"Uza, bro."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia zaidi, na wanaoisema wananitakia mema. Wanaona kijana aliyeacha chuo mwaka wa tatu, anayeishi kwa kuandika vitu vya watu, na mkononi ana kitu kizuri. Katika mji huu kitu kizuri kisichouzwa kinaonekana kama bomba linalovuja.

Basi tupige hesabu. Pea moja ya nakshi inanichukua saa 25, nikiwa na bahati. Uzi unaweza kunigharimu mia tatu. Nikijilipa hata shilingi mia kwa saa, ambayo ni dharau, pea moja ni 2,800. Teremka Tom Mboya jioni yoyote utamkuta kijana amezining'iniza soksi begani, anaimba bei, na kwa mia moja unaondoka na pea zaidi ya moja. Soksi zake hazina ubaya. Tusidanganyane kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya mkono: nyingine ni nyepesi na zinakauka upesi kuliko zangu, na hazina mraba wenye vitanzi vinne.

Ushindani huu uliisha zamani. Mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka wa 1589. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hataza kwa kuwahofia wafumaji wa mkono wangekula nini. Kama kweli aliwahofia, hofu yake haikuizuia mashine. Mwaka wa 1811 mafundi wa Nottingham walikuwa wakivunja mashine za soksi kwa nyundo, na hilo pia halikuizuia. Kwa zaidi ya miaka mia nne hakuna mtu aliyelazimika kufumiwa soksi na rafiki yake. Kwa hiyo nikikufumia, tunajua sote wawili kwamba hukuwa na haja nayo. Kuna kitu kingine kinachoendelea.

Sababu yangu ya kutouza lakini haikuwa hesabu. Kila kitu kingine nilicho nacho tayari kinauzwa. Nauza maneno. Kwa miaka miwili niliandika insha za wanafunzi wa vyuo vya Marekani, kwa ukurasa, usiku, kwa sababu saa zao za kuchelewa ni saa zetu za kulala. Ukizijumlisha, nimefuzu digrii kadhaa. Shida ni kwamba zote zina majina ya watu wengine. Ukishauza hata mawazo yako kwa ukurasa, unaanza kutafuta kona moja ya maisha ambayo haina kibandiko cha bei. Soksi zilikuwa kona hiyo. Au ndivyo nilivyojiambia.

*

Nimefuma pea saba. Tatu kati ya hizo zilinifunza kitu.

Ya kwanza nilimpa rafiki wa kike anayefanya kazi ya simu usiku, kwenye ofisi yenye kiyoyozi kilichosahauliwa. Zambarau na manjano, milia ya pembe kama ya kiondo. Alipiga mayowe, akanikumbatia. Dakika kumi baadaye, nikiwa bado kituoni nasubiri matatu, simu ikalia. M-Pesa. Shilingi 500. Ujumbe ukafuata: "Ya lunch 😊 asante sana aki."

Nilikula hiyo lunch. Lakini iliniuma, na nikamlaumu kimoyomoyo kwa wiki nzima. Kwani nilikuwa nimemuuzia?

Pea ya pili ilienda kwa rafiki ambaye sasa ni mwalimu Kitui. Miaka miwili baadaye nilimtembelea nikamuuliza kama bado zinamtosha. Akafungua droo akazitoa. Zilikuwa zimekunjwa vilevile nilivyozikunja. "Nikizivaa zitatoboka," akasema. "Na wewe ulikaa saa ngapi sijui. Kila nikifungua hii droo zinanitazama." Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Nilikuwa nimempa kitu cha kumpa joto, nikampa badala yake kitu cha kumtunza yeye alale akikifikiria.

Na ya tatu ndiyo ile ya miraba.

*

Huyo mwenyewe nitamwita Mhasibu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kwa kuwa ni utani utakaokuwa mbaya kadiri tunavyoendelea.

Tulikaa chumba kimoja hosteli, mwaka wa kwanza na wa pili. Mwisho wa mwaka wa pili nilikuwa na salio la karo la shilingi 23,000, na bila kulilipa singeruhusiwa kufanya mtihani. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, viazi vya mama vilikuwa vimekula baridi. Niliwapigia watu wote wa kupigiwa. Siku mbili kabla ya mtihani, Mhasibu alinipa pesa zote, taslimu, kwenye bahasha ya kaki. Sikumwomba. Baadaye nilijua kwamba ilikuwa pesa aliyowekewa na shangazi yake ya kununua kompyuta, na kwamba alimaliza chuo akitumia kompyuta za maktaba.

Nilifanya mtihani. Nilipita. Mwaka uliofuata salio likarudi likiwa kubwa zaidi, nami nikaacha.

Sijui kama unaelewa uzito wa hapo. Alininunulia muda ndani ya jengo, na mimi nikatoka nje kwa miguu yangu. Sikuwahi kumrudishia, na yeye hakuwahi kuuliza. Nikiigusia alikuwa akisema, "Hiyo story iliisha." Kwake huenda iliisha. Kwangu ilikaa kila mahali: tukinywa chai, mimi ndiye niliyekimbilia kulipa, akisema jambo la upuuzi kuhusu mpira au siasa, sikumbishia. Urafiki ambao mmoja hawezi kumbishia mwenzake kwa sababu ya bahasha ni urafiki unaochechemea.

Sasa nikiri kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu kabla ya asubuhi ile ya Julai. Nilipoanza soksi zake, nilipiga hesabu. Vitanzi 60 kwa mzunguko. Nikifuma mizunguko 192 kila soksi, ni vitanzi 11,520. Mara mbili, 23,040. Kila shilingi ipate kitanzi chake, na arobaini za ziada kama riba. Ndiyo maana soksi zile ni ndefu kiasi kile, karibu zifike gotini: si mtindo, ni deni. Na ndiyo maana nilichagua miraba kama ya kurasa za daftari la hesabu. Nilijiona mjanja sana. Nilimkabidhi nikiwa na tabasamu, nikarudi nyumbani nikahisi mepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Nimelipa.

*

Kwa hiyo nilipoingia kwake siku ile sikusubiri hata kuketi.

"Soksi za miraba ziko wapi?"

"Nilimpa soja." Alisema vile mtu anavyokwambia amenunua mkate.

"Ulimpa tu hivyo?"

"Huyo mzee alikohoa wiki nzima, bro. Gambuti yake imepasuka, inaingiza maji. Nikatoka job saa tano usiku, mvua, nikaona mimi nina soksi na yeye hana. Nikazivua palepale getini." Akanitazama. "Kwani ulinipa au hukunipa?"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nilimwaga yote: vitanzi, mizunguko 192, zile arobaini za riba. Nilidhani akisikia ataona uzito wa alichokitoa kwa mtu wa getini.

Alizima jiko. Alikaa kimya kwa muda ambao nilisikia jirani wa juu akivuta kiti.

"Kwa hivyo ilikuwa risiti," akasema. "Mimi nilidhani ni soksi."

Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanifuata. Kwamba tangu ile bahasha, kila nilichomfanyia alikiona kina harufu ya ile pesa: chai ninazolipa, ubishi ninaoumeza. Alipopata zile soksi alifurahi kwa sababu aliamini kwamba hatimaye nimempa kitu kwa sababu ni yeye tu. Alizivaa hadi kazini. Alimwonyesha bosi wake.

"Ningejua unanilipa," akasema, "ningekataa."

*

Mwaka wa pili tulikuwa na kozi moja ya anthropolojia, katika ule mtihani hasa niliolipiwa. Tulisoma insha ya Mfaransa Marcel Mauss ya mwaka wa 1925 kuhusu zawadi. Mauss anasema kwamba katika jamii nyingi zawadi haiko huru hata kidogo. Ina wajibu tatu zilizofungana: kutoa, kupokea, na kurudisha. Kutoka kwa Wamaori wa New Zealand anachukua neno *hau*, roho ya kitu inayotamani kurudi kilikotoka. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, na sikuelewa kitu. Nilidhani anasema kwamba kila zawadi ni mkopo uliovaa nguo za sherehe. Nikaishi hivyo.

Sisi wenyewe tuna misemo miwili inayogombana. Mmoja unasema tenda wema nenda zako. Mwingine unasema mkono mtupu haulambwi. Nilikuwa nadhani mtu lazima achague: ama wewe ni mtakatifu unayetoa bila kukumbuka, ama ni mfanyabiashara. Ukichungulia kundi lolote la WhatsApp la harusi au matanga utaona tumechagua upi: majina yamepangwa, kiasi pembeni, alama ya tiki, na kila mtu anajua nani alituma mia mbili.

Lakini mama ana daftari pia, na daftari lake ndilo lililonifungua macho. Ni la mazishi ya babu. Limeandikwa kwa kalamu ya risasi: fulani, sukari kilo mbili, fulani, kuni mzigo mmoja, fulani, alilala na sisi siku tatu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni orodha ya madeni, kama ya dukani. Baada ya ile asubuhi ya Roysambu nilimpigia simu nikamuuliza anavyolitumia. Akasema, mtu wa sukari kilo mbili akipata msiba, anapeleka sukari kilo mbili na majani chai. Au kilo moja na nusu na siku nzima ya kuosha vyombo.

"Kwa nini usipeleke kilo mbili kamili yaishe?"

Alicheka kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ukimrudishia mtu sawasawa, umemwambia msijuane tena."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote. Hesabu ya mama haikusudiwi kufika sufuri. Kila mmoja anabaki na kadeni kadogo kwa mwenzake, na kadeni hako ndiko kanakomfanya apite nyumbani kwako bila sababu. Anayekukimbilia na kiasi kamili, kwa haraka, amekuja kufunga duka. Mrumi mmoja, Seneca, aliyeandika vitabu saba vizima kuhusu fadhila, aliona jambo hilohilo karibu miaka elfu mbili iliyopita: kwamba mtu anayeharakisha mno kurudisha wema ni mtu asiyependa kudaiwa, na asiyependa kudaiwa hana shukrani.

Ndiyo maana zile shilingi 500 za M-Pesa ziliniuma. Rafiki yangu wa simu za usiku hakunitukana. Alikuwa amefunga hesabu kabla matatu yangu haijafika. Na mimi niliyemlaumu wiki nzima nilikuwa nimemfanyia Mhasibu jambo lilelile, tofauti ni kwamba mimi nilitumia uzi na miezi miwili. Yeye angalau alikuwa mkweli. Aliandika "ya lunch." Mimi niliandika risiti nikaipaka rangi ya zawadi.

*

Najua mtu atasema: wewe, hiyo ni falsafa ya kujihurumia. Pesa ya mwenzako ni pesa. Kompyuta aliikosa kweli. Ukianza kusema deni zuri ni lile lisilolipwa, umewapa wakopaji wote wa Nairobi wimbo wa taifa.

Ni kweli, na sitaki kutoroka hapo. Kama Mhasibu angekuwa amenikopesha, na akasema nirudishie Disemba, basi hakuna soksi duniani ambayo ingekuwa jibu. Ningepaswa kutafuta 23,000 nikamtumia. Mkopo ni ahadi, na ahadi hulipwa kwa kipimo chake. Lakini yeye hakunikopesha. Aliamua hivyo, mbele yangu, kwa uhuru wake. Kuigeuza bahasha yake kuwa mkopo baadaye, peke yangu, kwa siri, kulikuwa ni kumnyang'anya tendo lake. Alikuwa amefanya jambo kubwa la kirafiki akiwa na miaka ishirini, na mimi nikaliandika upya kama biashara ili nisijisikie mdogo.

Hapo nadhani ndipo shida ilipo. Kupokea ni kigumu kuliko kutoa. Anayetoa anasimama. Anayepokea lazima akubali, hata kwa dakika moja, kwamba alihitaji mtu. Kwa kijana wa kiume aliyeacha chuo, katika mji ambao salamu yake ni "unafanya nini siku hizi," dakika hiyo ni ndefu mno. Nilifuma vitanzi 23,040 ili nisiikae.

Na yule soja? Mwalimu wetu alituambia kwamba Jomo Kenyatta alisoma London chini ya Bronislaw Malinowski, na kwamba Malinowski ndiye aliyeandika utangulizi wa Facing Mount Kenya, 1938. Malinowski alipata jina kwa kueleza mzunguko uitwao kula katika visiwa vya Trobriand: mikufu ya kombe inazunguka visiwa upande mmoja, vikuku vya kombe upande wa pili, na hakuna anayepaswa kukishika kitu muda mrefu. Sifa ya kitu ni mikono iliyopita. Ukikifungia sandukuni, umekiua. Kwa kipimo hicho, soksi zilizokufa ni zile za Kitui, kwenye droo, kwa kosa langu kuliko lake. Nilizifuma kwa namna ambayo zilimtisha. Zile za Roysambu zilikuwa zimevuliwa kwenye mguu wenye joto zikavishwa mguu wenye baridi, na mtu ambaye hajui chochote kuhusu karo yangu. Huyo mzee ndiye pekee kati yetu watatu aliyezichukulia kama soksi.

*

Mimi na Mhasibu hatukuongea kwa wiki tatu. Kisha akanitumia ujumbe: mzee anauliza kama aliyefuma anaweza kuziba tundu.

Nilienda Jumamosi na sindano nene na uzi uliobaki. Tundu lilikuwa kwenye kidole gumba cha kulia. Soja aliniangalia nikifanya kazi, akaniambia mama yake alikuwa akisuka vikapu, na kwamba kwao Kakamega hawezi kueleza watu alivyopata soksi za kufika gotini. Akauliza mraba huu mmoja kwa nini ni mwembamba. Nikamwambia stima zilipotea. Akacheka hadi akakohoa.

Nilipomaliza alinimiminia chai kutoka kwenye thamosi yake, akanipa nusu ya chapati. Mkono wangu ulikuwa tayari unaenda mfukoni kutafuta hamsini ya kumwachia. Nikausimamisha. Nikashika chapati kwa mikono miwili, nikala.

Mhasibu alishuka akatukuta tumeketi. Alianza kueleza upuuzi fulani kuhusu timu yake, na mimi nikambishia mpaka chai ikapoa.